Dole Gumba la Pimamaji

Wanawake wengine wakikaa usiku nje ya wodi huomba mume apone. Mimi niliomba dole gumba. Mume mwenyewe nilikuwa nimemwona akiingizwa ndani kwa kitanda cha magurudumu huku akitukana matofali, jukwaa, na mtu aliyevumbua ngazi, na mtu mwenye matusi mengi kiasi hicho bado ana maisha marefu. Dole ndilo lililokuwa kimya.

Nilikaa kwenye benchi la mbao la korido, simu yake mapajani mwangu, nimeifunika na mtandio kama kifaranga mgonjwa. Pembeni yangu alikaa mama mmoja aliyekuwa akimsubiri mwanawe. Akanisogelea kwa huruma.

"Pole, dada. Mumeo?"

"Mume wangu."

"Kaumia wapi?"

"Kidole."

"Cha mkono?"

"Cha mguu."

Akaangalia machozi yangu, akaangalia mlango wa wodi, kisha akarudi taratibu mpaka mwisho wa benchi. Sikumlaumu. Ningemwelezaje kwamba bati zote za nyumba yangu, na kenchi zake za mbao, na misumari yake, zilikuwa zimefungiwa nyuma ya kile kidole?

Mume wangu ni mwashi. Kwenye mijengo wanamwita Pimamaji, kwa sababu haamini kitu mpaka akiwekee kile kipimo chake chenye povu na kuona povu limetulia katikati. Siku alipokuja kuniposa, aliingia sebuleni kwa baba, akafumba jicho moja, akautazama ukuta badala ya kumtazama mkwewe. "Huu umepinda," akasema. Wajomba wakashika viuno. Baba alikubali posa jioni ile ile, na mpaka leo nadhani alitaka tu huyo mtu aondoke asiutazame ukuta wake tena.

Alianza kwa kubeba zege kichwani, akapanda kuchanganya, akapanda kushika mwiko. Hakuna aliyemfundisha darasani. Alijifunza kwa kuangalia mikono ya wakubwa, na kila alichojifunza alilipa kwa ngozi. Simenti haina adabu. Inakula kiganja, inakula kucha, na polepole inakula hata ile mistari midogo ambayo Mungu humchorea kila mtu ya kwake. Vidole vya mume wangu viko laini kama kijiko. Tulipokwenda kusajili laini ya simu, yule kijana wa kampuni alimwambia aweke kidole kwenye mashine, mashine ikakataa. Akaweka kingine, ikakataa. Kijana akavifuta kwa kitambaa, akavipulizia, akavipaka mafuta, mwishowe akauliza, "Mzee, una vidole kweli?"

"Ninavyo kumi," akajibu. "Chagua."

Amejengea watu maghorofa, yeye analala vyumba viwili vya kupanga. Mganga hajigangi. Kiwanja tunacho, na kuta tunazo, tena kuta zilizonyooka mpaka zinatia aibu kuta za majirani. Nyumba yetu ilikuwa na kila kitu isipokuwa juu. Mvua ikinyesha inanyesha sebuleni. Mbuzi wa jirani ndio walioizindua, na chumba nilichokitenga kuwa cha wageni wamekipenda zaidi. Mimi nasuka nywele pale barazani, na kila kichwa nikikimaliza nawaza: hiki ni misumari, hiki ni misumari, lini kitakuwa bati?

Basi siku moja akarudi kutoka kazini na habari za sarafu za mtandaoni. Vijana wa mjengoni walikuwa wakizinunua na kuziuza kwenye soko la ndani ya simu wakati wa chakula cha mchana. Yeye, kama kawaida yake, aliwatazama muda mrefu bila kusema, vile anavyotazama msingi uliochimbwa na fundi mwingine. Kisha akaanza kuweka kidogo kidogo, hela ya bati.

"Hela isiyoshikika ni hela gani?" nikamuuliza.

"Ya benki huwa unaishika?"

"Benki ina jengo. Ina askari. Ina hata kiti cha kukalia ukisubiri kukataliwa."

Akacheka, akaendelea. Nami nikaendelea kuogopa, kila mtu na kazi yake. Ila nikiri kwamba kwa ulinzi, mume wangu aliwashinda wote. Mpiga lipu mwenzake alikuwa ameingia mtegoni macho yakiwa wazi. Aliletewa ujumbe kwamba akaunti yake inafungwa, abonyeze hapo haraka aiokoe. Akabonyeza. Ukafunguka ukurasa wenye rangi za soko lile lile, nembo ile ile, hata salamu ile ile. Akaandika neno lake la siri. Akaulizwa namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yake, akaiandika pia, na akashukuru. Kabla chai yake haijapoa, alikuwa amebaki na chai tu.

Pimamaji alipolisikia hilo hakumcheka mwenzake. Alikaa, akafikiri, akatunga sheria. Halafu akaja kunisomea mimi, kana kwamba mimi ndiye mwizi.

"Mtu haingii kwake kwa kuonyeshwa mlango na mpita njia," akasema. "Ujumbe ukija na kiungo, sibonyezi, hata kama umeandikwa kwa machozi. Naingia kwa programu niliyoiweka mwenyewe. Siingii kwa simu ya kuazima. Siingii kwa intaneti ya bure ya mahali nisipopajua. Neno la siri la sokoni halifanani na neno lolote. Na ile namba wanayotuma, simpi mtu. Hata mama yangu."

"Mama yako hana hata simu."

"Ndiyo maana nampenda."

Lile neno la siri alilitunga mwenyewe, refu kama msururu wa harusi, herufi na tarakimu na alama ambazo hazitamkiki. Hakuliweka kwenye simu. Aliliandika kwenye karatasi, karatasi akaitia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, na kichupa akakijengea ndani ya ukuta wa nyumba yetu, kati ya tofali na tofali. Aliweka alama ya penseli mahali pale ili asipasahau. Wiki iliyofuata akapiga lipu ukuta mzima, na alama akaifukia. Nilipomuuliza, alisema hata mwizi hawezi kulipata. Nikamwambia hata mwenyewe hawezi. Akasema huo ndio ulinzi.

Kwa hiyo ilibidi aingie kwa alama ya kidole, na vidole hana. Alihangaika jioni kadhaa, anabonyeza gumba, shahada, cha kati, simu inamkatalia kwa mtikisiko mdogo kama mtoto anayekataa uji. Mpaka siku moja akawa ameketi anaosha miguu kwenye beseni, nami nimesimama na taulo. Akatulia. Akauinua mguu wa kushoto, akaukunja, akautazama unyayo wake kwa karibu kama mtu anayesoma gazeti.

"Mama Watoto," akasema polepole. "Njoo uone mistari."

Miguu ile ilikuwa imeishi miaka yote ndani ya buti, haijawahi kuonana na simenti. Dole gumba lilikuwa na alama safi kama ya mtoto mchanga. Akalikausha, akaliweka kwenye simu, akalinyanyua, akaliweka tena kama simu ilivyomwelekeza, na simu ikapokea kila kitu bila swali. Sijawahi kumwona mume wangu akifurahi vile, hata siku za kuzaliwa watoto, ambazo alizitumia kukagua dari ya wodi.

Tangu hapo, bei ikipanda, buti linashuka. Pale mjengoni walizoea kumwona Pimamaji amekaa juu ya tofali, soksi mkononi, simu chini, analenga. Walimtania mpaka wakachoka. "Mzee anapiga simu kwa mguu." "Mzee, msalimie aliyepokea, mwambie asivute pumzi." Yeye aliwajibu kwamba harufu ni ulinzi wa pili, mwizi akiuvuka huo apewe hela yake. Hata kwenye harusi ya mpwa wangu nilimwona anainama chini ya meza ya wageni waalikwa, nikajua bei imepanda. Niliinua sahani yangu nikasogea meza nyingine.

Na siku ile ya ajali bei ilikuwa imepanda. Alikuwa amekaa chini ya jukwaa, mahali ambapo yeye mwenyewe huwafukuza vibarua wasikae, buti la kushoto limevuliwa, soksi imevuliwa, dole limenyooshwa. Mwenzake aliyekuwa juu akateleza kidogo tu, na tofali moja likashuka bila kuaga. Daktari alituambia baadaye kwamba angekuwa na buti lake, lenye chuma puani, tungekuwa tunazungumzia mkwaruzo.

Ndivyo nilivyofika kwenye lile benchi.

Namba za kuifungua simu yenyewe nilikuwa nazijua. Yeye hajui kama nazijua, lakini mke akikaa nyuma ya bega la mtu miaka yote hiyo, kuna vitu macho hujiokotea. Ila programu ya soko ina mlango wake wa pili, na mlango huo ulitaka alama au neno la siri. Alama iko chini ya bandeji, na neno liko ukutani. Nilikuwa naiangalia simu nikijua kwamba hakuna la kufanya, na hapo ndipo ikalia.

Ujumbe ulisema kuna mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti ya soko kutoka kifaa kigeni. Kama si wewe, bonyeza hapa haraka kuzuia. Chini yake, mstari wa buluu.

Damu ilinishuka mpaka kwenye kandambili. Nikampigia shemeji yangu, mdogo wake Pimamaji. Tunamwita Karani, kwa kuwa ni karani wa stoo ya vifaa vya ofisi, na kwa kuwa hata nyumbani huongea kama anagonga muhuri. Alikuja mbio, shati limefungwa vifungo, kimoja kimekosewa.

"Bonyeza, shemeji," akasema kabla hajakaa. "Unasubiri nini? Mwizi anaingia."

"Kaka yako anasema ujumbe wenye kiungo haubonyezwi."

"Kaka yangu amekaa chini ya jukwaa bila kiatu."

"Hilo ni suala la miguu. Hili ni la mlango."

"Na kama ni kweli? Kama kweli kuna mtu anaingia sasa hivi, anabeba bati moja moja, wewe umekalia sheria?"

Hapo alinipata. Mimi ni mtu ambaye nikisikia paka anakohoa uani naamka kuhesabu watoto. Nilifikiria bati zikishuka moja moja kwenye giza, mbuzi wakizitazama. Lakini sikubonyeza. Nilisimama kwenda msalani kuosha uso, simu nikaibeba. Kitu ambacho sikukibeba ni Karani. Yeye alikuwa ameshaunakili ule mstari wa buluu kwenye simu yake mwenyewe, na niliporudi nilimkuta ameinama, vidole vinakimbia.

"Unafanya nini?"

"Naokoa. Wameuliza namba ya simu ya mwenye akaunti, nimewapa. Wameuliza barua pepe, nimewapa. Sasa wanataka neno la siri." Akainua uso. "Neno la siri lipi?"

"Liko ukutani."

"Ukuta upi?"

"Hata mwenyewe hajui."

Karani akafunga macho kidogo. "Shemeji, tukichukua nyundo..."

"Tuibomoe nyumba ili tuokoe bati za kuiezekea?"

Nikamwambia afunge ule ukurasa, akaufunga, lakini kwa uso wa mtu anayezuiwa kuzima moto. Nami nilibaki nimesimama, nikijua kwamba namba ya mume wangu imeshafika kwa watu nisiowajua. Haikuchukua muda simu yake ikalia mkononi mwangu. Sauti ya mwanamume, laini, iliyochanwa nywele.

"Habari za saa hizi, mama. Nazungumza na familia ya mteja wetu? Mimi ni wa kitengo cha usalama sokoni. Tumeona mna tatizo."

"Tatizo gani?"

"Kuna mtu anaingia kwenye akaunti. Tunataka kumzuia. Itaingia namba hapo kwenye simu sasa hivi. Nisomee tu."

Na kweli namba ikaingia, imetumwa na soko lenyewe. Nikaifungua polepole. Ilikuwa namba ya kubadilishia neno la siri. Chini yake iliandikwa: usimpe mtu yeyote.

"Imefika?" akauliza.

"Imefika. Imeandikwa nisimpe mtu yeyote."

"Ni sawa mama, hiyo ni kwa watu wengine. Mimi ni wa usalama."

"Kwa hiyo wewe si mtu."

"Mama, muda unakwisha. Mwizi anaingia."

"Mwambie apanguse miguu."

"Mama, hela za mumeo zinapotea, utamwambia nini akiamka?"

Hilo lilinichoma, kwa sababu ndilo nililokuwa najiuliza. Karani alikuwa ananiangalia, kichwa kinatikisika juu chini kama mjusi, yaani soma, soma. Nikakumbuka mpiga lipu na chai yake.

"Baba yangu," nikamwambia yule wa simu, "wewe unatoka kwenye soko lenye akaunti yake, kila kitu chake unakiona. Namba hii si mmeituma nyinyi? Basi jisomee."

Akakata. Hakuaga. Nikageuka nimtazame Karani, naye akageuka atazame ubao wa matangazo, akasoma kwa makini mno tangazo la kunawa mikono.

Hapo sasa hofu ndiyo ilianza rasmi. Kumnyima mwizi funguo hakumaanishi kwamba hakuwa ameshaingia kwa dirisha. Huenda kulikuwa na wengine. Huenda walipata njia nyingine ambayo mimi siijui, kwani mimi najua ngapi? Njia pekee ya kujua ilikuwa kuingia na kuangalia, na ya kuingia ilikuwa dole. Ipo njia ya aliyesahau neno la siri, Karani aliniambia, lakini hiyo, juu ya ile namba, ni ya kupigwa picha ya uso na ya kitambulisho, halafu wanakukagua siku kadhaa kama mchumba. Siku kadhaa bati zinaweza kuhama nchi.

Kulipokucha daktari alitoka, kijana mwenye macho mekundu. Alisema ukucha umekwenda, mfupa umepasuka, lakini kidole wamekiacha.

"Na chini yake?" nikauliza. "Kwenye nyama ya chini, penye mistari?"

"Pamechubuka. Pamevimba. Mama, kidole kipo, shukuru."

"Nashukuru. Mistari ipo?"

Alinipa pole, akaenda zake.

Pimamaji tulimkuta ameamka, sindano za usingizi zimemtoka, anaangalia pembe ya dari. "Ile imepinda," akatuambia badala ya salamu. Nikamsimulia yote: ujumbe, Karani, simu, namba. Nilidhani atamgombeza mdogo wake. Alinyamaza tu, na kwa mume wangu ukimya ni ufa.

"Namba hukumpa," akasema mwishowe.

"Sikumpa."

"Hata kidogo? Hata tarakimu ya kwanza?"

"Baba Watoto, sikumpa."

Akapumua. Kisha akamgeukia Karani. "Wewe uliwapa barua pepe yangu."

"Nilikuwa naokoa."

"Siku nyumba yako ikiungua nitakuja kukuokolea kwa petroli."

Saa ya kubadilisha bandeji ilifika. Nesi wa zamu ya asubuhi alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia majina. Alimpeleka mume wangu kwa kiti cha magurudumu mpaka chumba cha kufungia vidonda, akanizuia kwa kiganja pale mlangoni. Ndani ni mgonjwa tu. Pimamaji akaniomba simu, nikampa. Mlango ukafungwa. Mimi na Karani tukabaki nje pamoja na foleni ya wenye vidonda vyao, mlango ni wa mbao nyembamba, na sikuhitaji hata kuegemeza sikio.

"Sista, nina ombi dogo. Usilifunge kwanza."

"Nisilifunge kwa nini?"

"Nishikie hii simu hapa chini. Hapo. Inua kidogo."

"Mzee, unataka kumpigia nani kwa hilo?"

Karani alijifunika uso. Mzee mmoja kwenye foleni, mkono shingoni, akasogea karibu na mlango kuliko mimi.

"Imekataa," sauti ya mume wangu.

"Lina dawa ya manjano, labda."

"Lifute."

"Nikilifuta utalia."

"Nitalia."

Alilia kidogo, kwa adabu. Kisha tena, "Imekataa."

"Mzee, limevimba kama kiazi. Hata mimi nisingelitambua, na nililiona jana."

"Jaribu kwa pembeni."

"Nimejaribu pembeni. Ikikataa mara nyingi itajifunga, hata ya kwangu hufanya hivyo."

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Sikulia. Nilianza kuhesabu vichwa vya kusuka kwenye mawazo yangu, vichwa na misumari, vichwa na mbao, na kila nikifika kwenye bati nilikuwa nimezeeka. Karani akachuchumaa kando yangu. "Shemeji," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuongea kama muhuri, "nikipata mshahara nitaleta bati mbili." Nilitaka kumwambia nyumba si banda la kuku, lakini nilimwona anamaanisha.

Ndani, mume wangu alishusha sauti. Sikusikia maneno. Nesi akauliza kitu, akajibiwa, akauliza tena kwa mshangao, akajibiwa kwa sauti ya chini zaidi. Halafu nesi akaanza kucheka, kicheko kinachoanzia tumboni na kugonga mabeseni ya chuma. Kitasa kikazunguka, mlango ukafunguka mpaka mwisho.

"Nani Mama Watoto hapa?"

Nikasimama.

"Unaitwa. Osha mikono, uje na kidole chako gumba."

"Changu?"

"Anasema alikichukua ukiwa umelala."

Foleni nzima ilinisindikiza kwa macho. Ndani, Pimamaji alikuwa amekaa na mguu juu ya kiti, dole liko wazi, la zambarau, limenuna. Hakunitazama. Alikuwa anakagua ukuta, na ukuta ule haukuwa na kosa lolote.

"Kwa ajili ya akiba," akauambia ukuta. "Fundi hajengi nyumba yenye mlango mmoja."

"Lini?"

"Zamani kidogo. Ulikuwa umechoka, ulisuka vichwa vingi. Nilikishika polepole."

"Na usiku kucha mimi nakaa pale nje naombea dole lako, kumbe..."

"Nilichomwa sindano ya usingizi. Na kabla ya hapo nilidhani langu litakubali."

"Kwa nini hukuniambia siku ile ile?"

Sasa akanitazama. "Ungeingia kila baada ya dakika kuangalia kama zipo."

Nesi alinyoosha simu kuelekea kwangu kama mtu anayeshikilia sahani ya keki. Nikaweka gumba langu. Simu ilitikisika kidogo, mara moja, ule mtikisiko wa kukubali, na soko likafunguka lote, na rangi zake, na namba zake ndogo ndogo zinazopanda na kushuka.

Nilimwachia yeye asome, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa maji. Alikwenda moja kwa moja mahali panapoonyesha nani ameingia na lini. Kulikuwa na simu yetu tu, na mara ya mwisho ilikuwa jana mchana, kabla ya tofali. Akatafuta pa kufukuza vifaa vingine vyote, akafukuza, ingawa havikuwepo, kama mtu anayefagia chumba kisafi kwa hasira. Kisha akaangalia salio. Midomo yake ilitembea.

"Zipo," akasema. "Zote. Hata zimeongezeka kidogo."

"Uza," nikasema.

"Mama Watoto, bei bado inapanda."

"Na matofali bado yanashuka. Uza."

Nesi aliangalia mmoja, akaangalia mwingine, kisha akachukua bandeji mpya. "Mimi ningeuza," akasema.

Akauza. Siwezi kusema aliuza kwa furaha, lakini aliuza, na kila soko lilipotaka alama ya kuthibitisha, gumba langu lilikuwepo. Nesi alimfunga dole lake kwa pamba na bandeji mpaka likawa kubwa kama kichwa cha mwanasesere, akafungua mlango, akatusukuma nje.

"Tokeni, wenye maumivu ya kweli wanasubiri."

Nilitoka mbele, simu nimeishika mkononi bila mtandio. Nyuma yangu nilisikia kiti cha magurudumu kikisukumwa na Karani, na sauti ya mume wangu ikinifuata koridoni.

"Mama Watoto. Hiyo simu."

Niliongeza mwendo.